Pua ya Mlangoni

Nimewahi kumwonea gere mwanamke mmoja kwa mwaka na nusu mfululizo, kuanzia kengele ya asubuhi mpaka kengele ya kutokea, na Jumapili pia, kanisani, katikati ya sala. Nasema wazi kwa sababu nimezeeka. Wivu wenyewe nao umezeeka, lakini haujafa. Juzi tu nilipita sokoni Nakasero, upande wanakouza bogoya, zile ndizi tamu za njano, harufu ikanipiga na roho ikaniuma palepale, utadhani ananipita tena na koti lake.

Alikuwa Mkongo. Sote wawili tulianzia kwenye meza ya kufungia pipi, katika kiwanda kidogo upande wa viwanda, chini ya reli, na mimi nilikuwa nimemtangulia miaka minne. Mimi ni mtoto wa laini za polisi, zile nyumba za askari. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini kuja kubeba bunduki ya serikali, mume wangu naye alikuwa konstebo, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichobembelezewa na ndicho nilichotukaniwa. Yeye alikuja na mama yake kutoka mashariki ya Kongo, wakikimbia vita, wakapanga chumba kimoja mtaa wa Kamwokya. Alikuwa na Kiswahili cha kwao, laini laini, na aliniita yaya, maana yake kwao ni dada mkubwa. Alikusudia heshima. Mimi nilisikia uzee tu.

Pipi zetu zilikuwa za ndizi, ingawa ndizi haikuingia kiwandani mle hata siku moja. Utamu wake ulitoka Ulaya ndani ya pipa la bati, kitu cheupe kama maji ya kunywa, tukikiita arki. Tone moja tu likianguka mezani, nyumba nzima inanukia bogoya iliyoiva. Ubavuni mwa pipa palibandikwa picha nyekundu ya moto. Sisi wa mezani tulidhani ni nembo ya waliolitengeneza.

Aliyejua maana ya ile picha ni mchanganyaji, Mhindi mmoja mkavu, mkali, aliyekuwa na chumba chake cha arki pembeni, na mlango unaoingilia chumba cha jiko ambamo sukari ilichemshwa. "Hii si maji," alikuwa akitupigia kelele tukisogea. "Hii ni petroli imevaa nguo ya harusi!" Alikuwa na masharti mengi kuliko mganga. Mvuke wa arki ni mzito, haupandi darini. Unalala chini, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kuufuata moto huko uliko. Kabla ya kumimina, pipa na debe viunganishwe kwa waya wa shaba, kwa sababu kule kumimina kwenyewe kunaweza kuzaa cheche usiyoiona. Kizibo kifunguliwe kwa spana ya shaba, chuma kisiguse bati. Nguo ziwe za pamba. Nailoni isikanyage mlangoni kwake. Matambara ya kufutia yatupwe nje, kwenye pipa lenye mfuniko. Moto ukitokea usimwagie maji, maana arki inaelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Mwaga mchanga, funika na magunia mabichi.

Yote hayo aliyasema kwa ukali. Lakini alipofika kwenye pua alishusha sauti. Ukikaa na arki dakika kumi, alisema, pua yako inalala. Unaweza kusimama katikati ya mvuke mpaka magotini na usisikie chochote, ukaamini hewa ni safi. Kwa hiyo anayechanganya asijiamini. Awe na pua nyingine, mtu asiyeingia chumbani kamwe, ambaye kila asubuhi arki ikishapimwa, pipa likafungwa na madirisha yakakaa wazi, anakuja kizingitini, anachuchumaa, ananusa chini, ananusa usawa wa magoti, ananusa juu. Anasema moja kati ya mambo mawili: "Bado" au "Safi." Akisema bado, mnangoja. Akisema safi, aliyefungua pipa ndiye anayekwenda kuwasha jiko, yeye mwenyewe kwa mkono wake, asimtume mtu. Pua ya huyo Mhindi ilikuwa mke wake. Alikuja kila asubuhi na chakula cha mumewe kwenye vibakuli, ananusa, anasema, anaondoka.

Halafu likatoka lile tangazo la kuwafukuza Wahindi, na wao wakafunga masanduku. Kiwanda alipewa mwanajeshi mmoja, afande mnene mwenye fimbo. Watu wa namna hiyo, walionenepa kwa mali za waliofukuzwa, tuliwaita mafuta mingi, kwa siri bila shaka. Afande hakujua pipi inatoka wapi, lakini alijua kwamba lazima zitoke. Akamwambia Mhindi awaachie kazi watu wawili kabla ya kuondoka. Mhindi akapita mezani polepole, anatutazama mikono. Mimi nilishajifuta vidole kwenye aproni, nimejiweka sawa. Miaka minne, bwana! Akasimama mbele ya Mkongo.

"Huyu," akasema. "Mikono yake haitetemeki."

Akamwuliza yeye anamtaka nani awe pua. Mkongo akageuka akaninyooshea kidole bila hata kufikiri. "Yaya," akasema.

Mhindi akanitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nilimchagua mke wangu." Sikumjali. Nilichosikia mimi ni kwamba mtoto wa jana amepewa chumba, ufunguo na koti la kaki lenye mifuko miwili, na mimi nimepewa kuchuchumaa mlangoni pake kama mbwa. Usiku ule nililia, mume wangu akadhani nimefiwa.

Mniambie sasa, nani asingeona wivu? Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya magendo, sukari ya foleni, manukato usiyaseme, uliyaona kwa wake wa maafisa tu. Na huyu mwenzangu anatoka kazini kila jioni ananukia bogoya mpaka kwenye nywele! Kwenye foleni ya chumvi wanaume walimpisha. Muuza nyanya Nakasero alimwongezea mbili juu ya fungu, halafu mimi nikitia mkono ananiambia, "Mama, fungu ni hilo hilo." Afande mwenyewe alikuwa akipita mlangoni anavuta pumzi, anacheka. "Wewe nanukia muzuri, mama arki." Mama arki! Nilibetua mdomo mpaka shavu likauma.

Mimi, kinyume chake, pua ilinifunga kamba. Pua ya mlangoni haipaki kitu. Haiogi sabuni ya harufu, haitafuni kitunguu asubuhi, haili bogoya yenyewe, haikai karibu na mvuta tumbaku. Yaani kazi yangu ilikuwa ni kutonukia. Yeye alilipwa kunukia, mimi nililipwa kuwa kama maji. Na kila asubuhi ananiita kwa sauti yake ile, "Yaya, njoo utunusie," nami nachuchumaa na magoti yangu yanalia, nasema bado, nasema safi, naye anasema, "Aksanti, yaya," anakwenda kuwasha jiko akiimba. Ile kuimba ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mtu anakwenda kuwasha moto kwa neno langu, na anaimba!

Siku moja mume wangu alikuja kunipokea getini na baiskeli. Mwenzangu akapita, akamsalimia, "Habari ya jioni, shemeji," akaenda zake. Mume wangu akamfuata kwa macho kidogo. "Huyo mwenzako ananukia," akasema. Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya mkaa, "Mbona wewe hunukii kitu?"

 Nilipanda nyuma ya baiskeli, nikatazama barabara mpaka nyumbani. Kesho yake nikaanza kuiba.

Haikuwa kazi ngumu. Alipomaliza kupima, alitoa kikombe cha kioo nje, akakiweka juu ya ukuta kipigwe na upepo, kama alivyofundishwa. Chini yake pamebaki matone, nusu kijiko labda. Mimi nilikuwa na kichupa cha sindano ya penisilini nilichokiokota zahanati ya polisi. Nikipita kwenda chooni nakiinamisha kile kikombe, tii, tii, nakifunika kichupa na mpira wake, nakitia kifuani. Baada ya wiki mbili ule mpira ukavimba na kulegea, arki inautafuna. Hapo ningeweza kujiuliza kitu kinachokula mpira kinanifanya nini mimi. Sikujiuliza. Nilitia tone moja kwenye fundo la kitambaa cha kichwa nikaenda kanisani, na akina mama wa kiti cha mbele wakageuka. Loo, raha niliyoisikia! Mume wangu akasema, "Leo unanukia kama keki." Nikamwambia, "Kumbe una pua."

Mwanzo ilikuwa Jumapili tu. Halafu kila jioni nikitoka kazini. Kitambaa cha kazini nilikiweka mbali, safi, na asubuhi niliosha uso kwa maji matupu, kwa hiyo pua yangu ilikuwa bado pua. Hilo nalisema si kwa kujitetea. Nalisema ili mjue kwamba nilijua kabisa mpaka uko wapi.

Ikaja siku ya wageni. Afande alitangaza kwamba maafisa wenzake watakuja na wake zao kuona kiwanda kinavyofanya kazi, na kwamba wote tuwe safi. Asubuhi ile mwenzangu alinionyesha miguu yake, anacheka kwa aibu. Alikuwa amevaa soksi ndefu za nailoni, nyembamba, rangi ya chai ya maziwa. Afande alizileta mwenyewe ndani ya karatasi, akamwambia avae, wageni wamwone.

"Nailoni," nikasema.

"Najua, yaya. Lakini nitamkatalia vipi afande?"

Kweli, angemkatalia vipi? Siku zile mtu alikuwa anapelekwa kambi ya jeshi kwa kosa dogo kuliko hilo na harudi. Ningeweza kumwambia azivue mpaka moto uwake, azivae baadaye. Neno dogo tu. Lakini nilikuwa natazama ile miguu. Mimi sikuwa nimegusa soksi ya namna ile maishani mwangu. Nikafyonza, nikaenda zangu chooni, nikatoa kichupa kifuani na kutia matone kwenye fundo la kitambaa changu cha kazini. Si moja. Matatu, na jingine shingoni. Nilijiambia: leo wakija hao wake wa maafisa wasipite mbele yangu wakinusa yeye peke yake. Sikuifikiria kazi yangu hata kidogo. Nilifikiria tu wageni watakaponipita.

Nilikaa mezani nikifunga pipi, harufu inanizunguka, hata wenzangu wakadhani ni arki ya chumbani kama siku zote. Baada ya muda sikuisikia tena.

Wageni walifika mapema. Tukasikia magari, vicheko, afande akiwaingiza ofisini wanywe soda kwanza. Akatoka mbio, akasimama mlangoni mwa chumba cha arki na fimbo yake. "Mimi nataka wageni nakuta sukari nachemka! Upesi, upesi!" Akarudi ofisini. Mwenzangu alikuwa katikati ya kumimina. Baadaye alinieleza kwamba ile sauti ilimshtua, debe likayumba na arki kidogo ikamwagika ikapita chini ya mbao zilizobeba pipa, akafuta iliyoonekana. Iliyokwenda chini ya mbao hakuiona, na pua yake haikuweza kumwambia. Akafunga pipa, akafungua madirisha, akangoja alivyoweza.

"Yaya, njoo utunusie!"

Nikaja. Nikachuchumaa kizingitini. Nikavuta pumzi chini.

Hapakuwa na kitu. Nikavuta tena magotini, hamna. Nikainua kichwa, kitambaa kikasogea, na kwa nukta moja nikasikia bogoya, halafu ikapotea. Ni chumba au ni mimi? Nikaelewa hapo hapo, pale chini. Pua yangu ilikuwa imelala. Nilikuwa nimeilaza mwenyewe chooni. Mbele yangu ni sakafu ya saruji, ng'ambo ya mlango wa pili ni jiko, na mtu wa kwenda kuliwasha amesimama na kiberiti, amevaa nailoni, anangoja neno langu.

Ningesema "bado." Lakini bado mpaka lini? Afande angekuja, angeuliza bado ya nini, angenisogelea, na yeye pua yake ilikuwa nzima. Harufu ingemwambia kila kitu. Mwizi wa mali ya kiwanda, mke wa polisi, kichupa kifuani. Hilo nililiogopa, sikatai. Lakini nikisema niliogopa tu nitakuwa nadanganya. Ningeweza kumnong'oneza mwenzangu, "Dada, leo pua haifanyi kazi, ngoja nimwite mwingine." Asingenisaliti. Na mimi ningekuwa nimekiri kwake, kwa yeye hasa, kwamba nimekuwa nikilamba makombo ya kikombe chake ili ninukie kama yeye. Hilo ndilo lililonishinda.

"Safi," nikasema.

Akanitazama. "Kweli, yaya? Umenusa chini?"

"Nimesema safi! Wewe una ufunguo, mimi nina pua. Au unataka na hiyo?"

Akacheka. "Basi, usinikasirikie." Akaenda. Alikuwa anaimba.

Nilikuwa bado nimeshika fremu ya mlango. Nikasikia kiberiti kikikwaruzwa, nikapaza sauti, "Ngoja!" Labda nilipaza. Mpaka leo sina hakika kama sauti ilitoka kabla au baada. Moto haukulipuka kama watu wanavyofikiri. Ulikuja chini chini, wa buluu, unakimbia sakafuni kutoka jikoni, ukapita mlangoni na kwenda moja kwa moja chini ya mbao za pipa, kama unajua njia. Yeye alikuwa katikati ya njia hiyo.

Nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka na kushika. Alipiga kelele moja tu, halafu, Mungu wangu, akaanza kufanya kazi! Miguu inawaka na yeye anavuta ndoo ya mchanga, anaumwagia moto chini ya pipa kwanza. Mimi ndiye niliyemtupia gunia bichi miguuni na kumlalia. Wenzetu wa mezani wakaja na mchanga mwingine. Pipa lilikuwa limefungwa barabara, kwa mkono usiotetemeka, na hiyo ndiyo sababu niko hai kuwasimulia haya. Kilichoungua ni mbao, mlango, rangi ya ukuta, na yeye kuanzia magotini kwenda chini.

Afande alifika amekunja uso, nyuma yake wanawake wamejifunika pua. Moshi ulinukia pipi iliyoungua. Hakumtazama aliyelala.

"Nani nalinusa?" akauliza. "Kazi ya kunusa iko ya nani?"

Fimbo ilikuwa inagonga kiatu. 

"Sikumwita," akasema mwenzangu kutoka sakafuni. Meno yalikuwa yakimgongana. "Wageni walikuwa wamefika, afande. Nilikuwa na haraka. Sikumwita yaya anuse. Kosa ni langu."

Sikumkanusha. Nilisimama pale na kichupa kifuani na sikumkanusha.

Akafukuzwa kazi palepale, kabla hata hajabebwa. Wenzetu walitoa kitenge, wakaomba gari la mkaa, wakampeleka hospitali, na baada ya siku chache akarudi kwao Kamwokya kwa sababu hospitali nayo haikuwa na dawa. Mimi afande aliniita ofisini, akasukuma ufunguo na koti mezani. Nianze chumba kikishatengenezwa. Fundi alisema wiki mbili.

Sasa sikilizeni nilivyo. Mezani wenzangu hawakuwa na habari nyingine ila yeye. Alivyozima moto miguu inawaka. Alivyobeba kosa mwenyewe, bila kusingizia mtu. Wakatoa zamu za kwenda kumwona, huyu na uji, huyu na mafuta. Na mimi, niliyekuwa na ufunguo aliokuwa nao na koti alilolivaa, nilikaa kati yao roho inaniuma upya. Nilimwonea wivu kwa sababu ya wema wake. Niliona hata hilo kanitangulia. Nikitoka kazini nilitia tone kitambaani kama kawaida, nikapanda nyuma ya baiskeli.

Wiki ya pili ilipokwisha nikajilazimisha kwenda. Nilipata sukari nusu kilo kwa magendo, nikaifunga kwenye gazeti. Mama yake alinipokea, akanikaribisha, akatoka kwenda kuteka maji. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu amenyoosha, imefungwa vitambaa. Karibu naye sigiri ya mkaa ilikuwa inachemsha maji ya kuoshea vidonda.

"Yaya!" akafurahi. Alifurahi kweli. "Karibu, kaa hapa, usogee."

Nikasogea, nikakaa, nikampa sukari. Akaanza kuniambia nisijisumbue moyo. Pua yoyote inaweza kukosea, alisema, yeye alijua nimejitahidi, na angenitaja mimi wangenipeleka kambini, tena mimi nina watoto na yeye hana. Alikuwa anayasema hayo anafungua gazeti la sukari. Halafu mikono ikasimama. Nikaona pua yake inacheza.

"Ajabu," akasema. "Tangu nikae nyumbani pua yangu imerudi. Nasikia kila kitu. Mkaa, sabuni, jirani akikaanga samaki." Akavuta pumzi polepole, kichwa amekiinua kuelekea kwangu. "Chumba hakijafunguliwa bado, siyo, yaya?"

"Hakijafunguliwa. Wanafungua Jumatatu."

"Na pipa?"

"Pipa limefungiwa stoo ya afande."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu mishono. Macho yake yalikuwa kwenye fundo la kitambaa changu. Nilitaka kuinua mkono nikifunike, nikaona nitajikamatisha, nikauacha mkono mapajani. Maji kwenye sigiri yalikuwa yameanza kuchemka. Hakupiga kelele. Hakulia. Laiti angenitukana, ningemrudishia, mimi kwa matusi sishindwi.

Akainama, uso umekunjamana kwa maumivu, akaishika sigiri kwa tambara na kuiburuta mbali nami, mpaka pembeni kwenye mlango.

"Usikae karibu na moto," akasema. "Kitambaa chako kitashika."

Nikainuka. Nilisema nitarudi wiki ijayo. Akaniitikia vizuri, akanishukuru kwa sukari. Nilipofika mlangoni akaniita, na safari hii hakusema yaya.

"Jumatatu," akauliza, "nani atakunusia?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Nami njia nzima kutoka Kamwokya nilikuwa napitisha sura za wenzangu wa mezani, mmoja mmoja, nikikumbuka walivyolitazama lile koti nilipotoka nalo ofisini kwa afande.

Nilikaa na ufunguo ule mpaka kiwanda kilipokufa. Sikumchagua mtu. Kila asubuhi nilipima arki, nikafunga pipa, nikafungua madirisha, nikatoka nje mpaka kwenye bomba la uani, nikavua koti, nikanawa uso na mikono na kukaa juu ya jiwe nusu saa nzima, afande apige kelele asipige. Halafu nilirudi kizingitini peke yangu, nikachuchumaa, nikanusa chini, nikanusa magotini, nikanusa juu. Nikishajiambia safi, nilirudi bombani nikangoja tena kabla ya kugusa kiberiti.